Nusu ya Juu ya Mlango

Nilikuwa muuguzi wa chumba cha macho katika hospitali moja ya milimani, miaka ile vijiji vilipokuwa vinapangwa upya na hakuna Jumapili iliyopita bila mkutano. Kabla hakijawa cha macho, chumba kilikuwa stoo ya mablanketi. Kilikuwa na kitanda kimoja, meza, kipande cha kaniki kilichotundikwa ukutani, na dirisha tulilolifunika kwa gunia ili lipatikane giza la kutazamia. Kazi yangu ilikuwa kuwauliza wagonjwa maswali matatu na kuyaandika majibu kwenye kadi kabla daktari hajaingia. Jicho lipi. Tangu lini. Lilianzaje, ghafla au taratibu.

Swali la tatu nililiuliza kwa wepesi, kama mtu anayeuliza hali ya hewa. Uzito wake nilikuja kufunzwa na jicho la baba yangu mzazi.

Nyuma ya jicho kuna mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, na yapo magonjwa mawili yanayouua kwa njia mbili tofauti. La kwanza watu huliita presha ya macho. Maji ya ndani ya jicho hayatoki inavyopasa, jicho linakaza, na mshipa unaliwa kidogo kidogo kwa miaka. Kwa kawaida mtu hupoteza kwanza vitu vya kando, na kwa kuwa hasikii maumivu, hana habari. La pili ni mshipa kukosa damu. Hilo halina habari ya miaka. Mtu analala anaona, anaamka haoni, au anaona nusu. Miezi ikishapita, daktari akichungulia ndani anaweza kukuta kichwa cha mshipa kimepauka kwa huyu na kwa yule. Cha presha kinakuwa kimechimbika katikati kama kinu. Cha kukosa damu kimepauka tu, hakijachimbika sana. Lakini macho ya watu hayajasoma kitabu. Wapo wanaoangukia katikati, na kwa hao daktari hana budi kugeukia kadi.

Daktari wetu alikuwa mzungu mrefu, mpole, aliyejifunzia Kiswahili chake pwani. Kishambaa hakujua zaidi ya salamu. Kwa hiyo kadi ilikuwa mimi.

Baba aliletwa wakati wa baridi, ukungu umekalia hospitali siku ya nne mfululizo. Alitoka kijijini kwetu Bungu na mdogo wake, yaani baba yangu mdogo, ambaye wakati huo alikuwa mjumbe wa nyumba kumi. Baba alikuwa na jicho moja tu la kutegemea. La kushoto liliharibiwa na surua akiwa mtoto, likabaki na doa jeupe, naye alikwisha kulisahau kama mtu anavyosahau kovu la gotini. Sasa la kulia nalo lilikuwa limefifia. Barua ya nyumbani ilisema hivyo tu, limefifia, na mimi sikuwa nimefika nyumbani tangu Krismasi.

Nilisimama kando ya mlango kuwapokea. Nikamwamkia Baba, akaniitikia. Nikamwinamia baba mdogo, shikamoo Baba, lakini barazani palikuwa na vilio vya watoto, naye akanipita bila kugeuka. Nilinuna. Nyumbani walikuwa wanalalamika kwamba tangu apewe ujumbe ameota pembe, watu wanamwinamia njiani yeye anapita kama gari la mkoloni. Nikajisemea, kumbe ni kweli, hata sisi wa damu yake.

Kwetu mzee hajisemei ugonjwa. Akiwa na aliyemleta, aliyemleta ndiye anayesema, na mzee anakaa kimya kana kwamba wanamzungumzia jirani. Kuwakatiza ni utovu wa adabu. Kwa hiyo nilimuuliza Baba, na baba mdogo akajibu.

"Taratibu, mwanangu. Andika taratibu. Mwaka wa pili au wa tatu huu."

"Anaonaje?"

Baba mdogo alitazama ukuta ulio mbele yake. Mtu huyu kwa kawaida alikuwa na sauti ya mkutano, lakini hapo alisema kwa utulivu, bila kutafuta maneno. "Anagonga miimo ya milango kwa bega. Anaweka kikombe pembeni, akigeuka kukichukua anakimwaga. Yuko uwanjani, kuku wanatokea mbele yake, hajui wametoka wapi. Jioni ndiyo mbaya zaidi. Lakini akikutazama usoni anakuona vizuri, hata ukitabasamu anajua."

Niliandika yote. Nilifurahi hata, maana wagonjwa wengi husema "ni giza tu, nesi", na hapa nilipata maelezo ya kumfurahisha daktari. Baba alikuwa ameinamisha kidevu kifuani, nikadhani ni huzuni. Baba mdogo alipoinuka, kiwiko chake kilipiga chupa ya dawa ya matone iliyokuwa pembeni ya meza, ikavunjika. Hakuitazama. Niliokota vipande nikimlaani moyoni, mjumbe mzima hana hata pole.

Daktari alimlaza Baba, akamtia dawa ya ganzi, akaliwekea jicho chombo kidogo chenye sindano ya kuonyesha ugumu wake. Akasema haukuwa mkubwa wala mdogo. Kisha akachungulia, akakawia sana. Nilimsikia akisema polepole, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwangu, kwamba kichwa cha mshipa kimepauka lakini hakijachimbika kama alivyotarajia. Akaichukua kadi, akaisoma mara mbili. Taratibu. Kando. Kuku.

"Basi ni presha," alisema. "Na jicho ni moja tu."

Alitueleza waziwazi. Matone yanatakiwa kila siku, na kutoka Bungu kuyafuata kila yanapokwisha si jambo la kutegemea. Afadhali afungue kijitundu cha maji kwa upasuaji, Jumanne ya juma lijalo. Lakini jicho lililobakiwa na uoni mdogo namna ile linaweza kuzimika lote kwa kisu hichohicho cha kuliponya. Baba akikataa, presha italimaliza. Akikubali, huenda likazimwa na mkono wa daktari.

"Apasuliwe," alisema baba mdogo.

Daktari aliniambia tena, wakiwa wamekwisha kutoka, kwamba ugonjwa huo hutembea katika ukoo. Jioni ile kwenye nyumba za wauguzi nilisimama nikajifunika jicho moja, kisha la pili, nikitazama kama ukingo wa kabati bado upo. Ulikuwepo. Naona aibu kusema kwamba siku hiyo nilijiogopea mimi kabla ya kumwogopea yeye, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jumamosi nilipewa ruhusa ya kwenda kumchukua Baba, kwa kuwa alirudi nyumbani kuaga na kuonyesha mipaka ya mashamba, kama wafanyavyo wanaume wetu kabla ya kisu. Jumapili nilikwenda naye kanisani. Njia ya kanisani kwetu ni ya kupanda. Mzee aliyekuwa apofuke alinitangulia, akakwepa mizizi, akaruka jiwe lililolegea ambalo mimi mwenye macho yangu mawili nililikanyaga nikateleza. Nikafurahi, nikasema afadhali, bado anaona.

Kurudi ilikuwa kuteremka. Alisubiri watu wote watoke, naye ni mzee wa kanisa, mtu wa kusimama mlangoni na kupeana mikono. Kisha akaanza kushuka kwa ubavu, kidevu kimebanwa kifuani, fimbo ikipapasa mbele, mkono mwingine ukitafuta migomba ya watu. Kwenye ngazi ya udongo aliweka mguu hewani. Nilimdaka kwapani.

Nilisimama pale na uzito wake mkononi, nikafikiri kama muuguzi kwa mara ya kwanza tangu aje. Mlima ukiupanda, ardhi iko mbele ya uso wako. Ukiuteremka, ardhi iko chini ya pua. Mtu asiyeona kando hana sababu ya kupanda vizuri na kushuka vibaya. Kadi yangu ilisema kando.

Tulipofika nyumbani nilimkalisha barazani, nikachukua njiti ya kibiriti, nikamwambia atazame pua yangu. Nikaileta njiti kutoka kulia. Akaiona mapema sana. Kutoka kushoto, upande wa jicho lililokufa, akaiona mara tu ilipopita pua yake. Kutoka juu, akaiona. Kutoka chini niliipandisha kifuani, shingoni, kidevuni, naye akawa anasema bado, bado, mpaka ilipofika usawa wa pua yangu, akasema ipo. Nilirudia mara tatu. Palikuwa na mstari ulionyooka, juu kuna dunia, chini hakuna.

"Baba, hii ilianza lini?"

"Aliyenisindikiza alikwisha sema," alijibu, akaomba fimbo yake.

Nilikwenda jikoni kwa Mama. Alikuwa anachambua mnavu, na hakuinua macho.

"Mama, Jumanne anakwenda kukatwa jicho. Nimeandika mimi kwamba lilianza taratibu. Kama si kweli, niambie sasa."

Akaendelea kuchambua. Kisha akaniambia kwa Kishambaa, nami nakuwekea kwa Kiswahili: "Ilikuwa asubuhi ya palizi. Aliamka, akakaa kitandani, akaniuliza nani ameukata mlango. Nikamwambia mlango mzima. Akasema anaona nusu ya juu tu."

"Usiku wa kuamkia siku ile alikuwa mzima?"

"Mzima. Alinisaidia kupukuchua mahindi." Akaweka jani moja kwenye sufuria. "Siku ile ilikuwa ya pili baada ya mkutano."

Mkutano nilikuwa nimeusikia. Baba mdogo, kwa ujumbe wake, alisimama kutangaza kwamba shamba la bondeni la kaka yake linaingia katika shamba la kijiji. Baba akamwuliza mbele ya watu kama la kwake yeye mjumbe nalo linaingia. Watu wakacheka. Baba mdogo, kwa hasira, akamnyooshea kidole mkubwa wake na kusema, "Hilo bonde hutaliona tena!" Siku mbili baadaye kaka yake akaamka haoni chini.

Hapa sihitaji kumweleza mtu wa kwetu zaidi. Ugonjwa wa polepole ni wa Mungu. Wa ghafla una mwenyewe. Kijiji kizima kilikuwa kimesikia maneno yale. Kama Baba angetoka nje asubuhi ile na kusema nimeamka sioni bonde, kufikia jioni mdogo wake angekuwa mchawi, na mke wake na watoto wake pia. Kwa hiyo Baba alinyamaza. Aliteremka hadi mjini Mombo peke yake akanunua miwani barabarani, hazikumsaidia, akarudi. Mwishowe alimwita mdogo wake, wakakaa watatu na Mama, wakakubaliana neno moja: taratibu. Baba mdogo ndiye akajitolea kumpeleka na kumsemea.

Kwa hiyo jambo lile hasa ambalo daktari alihitaji kulijua ili kuyatenga magonjwa mawili, ndilo jambo lile hasa ambalo watu wangu wasingeweza kulisema. Na mimi, Mshambaa niliyezaliwa na kulelewa mlemle, nilikaa na kalamu nikaandika.

Nilitoka nikamkuta Baba barazani. Nilikuwa na hasira ambayo mtoto hana ruhusa ya kuwa nayo. "Baba, utakubali jicho lako litobolewe kwa ajili ya maneno ya mkutano?"

"Jicho ni langu," alisema. "Yule ni mdogo wangu."

"Daktari si mtu wa kijiji hiki! Kwake ghafla ni damu tu, si mtu!"

Kuku walikuja kudonoa miguuni pake, naye hakuwafukuza. Kisha akasema nikimwambia mzungu, nimwambie tukiwa watatu tu, mlango umefungwa, na kwenye kadi lisiandikwe neno la mkutano. Nikakubali. Halikuandikwa, na hadi leo sijalitaja kwa mtu ambaye angeweza kulifikisha kwetu.

Jumatatu tulikuwa chumbani watatu. Nilimweleza daktari kwamba nilichokiandika kilikuwa cha uongo. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alimsimamisha Baba mbele ya kaniki, akasogeza pini nyeupe iliyo kwenye ncha ya kijiti, akachora alichokipata: mstari uleule wa pua. Akamuuliza kama kichwa kinamuuma kwenye mapanja, kama taya zinachoka akitafuna. Angejibu ndiyo, alinieleza baadaye, angemwanzishia dawa nyingine siku hiyohiyo. Baba akasema hapana, meno yake mazima na mahindi ya kuchoma anakula. Akampima presha ya damu, ikawa juu sana.

"Ni kiharusi, mzee," alisema daktari. "Kimepiga jicho badala ya mkono. Kilichokufa sitakirudisha. Kilichobaki sitakigusa."

Upasuaji ukafutwa. Nilidhani mambo yameishia hapo.

Daktari alikuwa bado ameshika kadi ya kwanza. Alisoma tena maneno yangu, midomo ikicheza, kisha akaniuliza, "Na haya je? Miimo ya mlango. Kikombe. Nani aliwafundisha?"

Nikasema yalitungwa.

"Hapana," akasema. "Mtu anaweza kutunga neno taratibu. Kuku hawa hawatungwi."

Baba ndiye aliyeelewa kabla yangu. Aliinua kidevu kutoka kifuani, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aje.

"Mimi kuku siwaoni kabisa," alisema. "Wako chini. Hao ni kuku wa mdogo wangu."

Ndipo chupa ilipovunjika mara ya pili masikioni mwangu, na salamu yangu pale mlangoni, na malalamiko ya kijiji kizima juu ya mjumbe aliyeota pembe. Alikuwa hatuoni. Alipotakiwa kuusimulia ugonjwa wa polepole ambao kaka yake hakuwa nao, hakuhangaika kuutafuta, alichukua wa kwake. Huenda alikuwa hajui kwamba ni ugonjwa. Alidhani ndio uzee, tena baada ya mkutano akadhani ni malipo.

Nilikwenda kumfuata mwenyewe. Alikataa siku mbili. Alisema mjumbe hawezi kuacha kazi ya kijiji, akasema yeye si mgonjwa, mgonjwa ni kaka yake. Sikumbembeleza, nilimletea Baba. Baba alimwambia, "Nilikusitiri kwa jicho langu. Sasa nawe nisitiri, usinifanye niwe na ndugu kipofu." Wakaondoka wote wawili.

Kidole cha daktari kiliusikia ugumu hata kabla ya chombo, na kilipowekwa chombo, sindano haikusogea, kama inavyokuwa jicho likikaza mno. Ndani, kichwa cha mshipa kilikuwa kimechimbika karibu ukingoni. Jicho la kulia lilikwisha kwenda, kimebaki kivuli. La kushoto lilikuwa na uwazi mdogo katikati. Pini nyeupe ilisafiri kaniki nzima, naye hakuiona mpaka ilipokaribia katikati. Jumanne iliyofuatia ile aliyotengewa kaka yake, alipasuliwa yeye. Ule uwazi ulibaki, hakuongezewa, lakini haukupungua mpaka alipokufa, miaka mingi baadaye. Kama kadi ile ingeandikwa kwa jina lake siku za mwanzo za kuku wake, angebaki na zaidi. Mimi nilimwona akivunja chupa nikamhesabia kiburi. Hilo sijajisamehe, na si kwamba sijajaribu.

Shamba la bondeni liliingia katika shamba la kijiji, na baada ya miaka michache likarudi, limejaa magugu. Baba alizoea kutembea ameinamisha kidevu, na wageni walimwona mnyenyekevu kuliko alivyokuwa. Nusu yake ya juu alikufa nayo.

Mwaka jana nami nilikwenda kliniki, mjini, kwa daktari kijana mwenye mashine ambazo sisi hatukuziota. Presha ya macho, yote mawili, bado mapema, maana mwenye ukoo kama wangu hasubiri kuku. Binti yangu alinisindikiza. Muuguzi aliinua kalamu akaniuliza lilianzaje, na kabla sijafungua mdomo, binti yangu akajibu kwa heshima zote, kama alivyofunzwa, "Taratibu tu, nesi. Mama anagongagonga miimo ya milango kwa bega."

Mimi sijawahi kugonga mwimo wa mlango. Nilimwomba yule muuguzi aiweke kalamu chini, nikanyanyuka kitini, nikamkalisha binti yangu pale.